UZI: Prop za California, kutoka rasimu hadi karatasi ya kura. Saini, tarehe, na mitego ya Ndiyo na Hapana

#1 Mzee_wa_Kanuni

Wakuu, salaam. Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia swali hurudi humu: hizi "Prop" za California (kifupi cha proposition, yaani pendekezo la sheria linalopigiwa kura na wananchi) ni nini, nani anazipeleka kwa wananchi, na imekuwaje mtu amalize kumpigia rais kura kisha akute mambo kumi mengine yanamsubiri? Novemba 2024 yalikuwa kumi kweli: Prop 2 hadi 6, na 32 hadi 36. Naweka uzi mmoja tuwe na pa kurejea. Nitashika California. Wenye majimbo mengine waongezee chini.

Njia za kufika kwenye karatasi ya kura ni tatu, na anayezichanganya atapotea hadi mwisho wa habari.

Njia ya kwanza ni Bunge la jimbo kulipeleka jambo kwa wananchi. Kubadili katiba ya jimbo kunahitaji theluthi mbili ya Seneti na theluthi mbili ya Baraza la Chini. Gavana hana saini hapo. Mikopo mikubwa ya jimbo kwa njia ya hati fungani nayo hupitia kwa wapiga kura.

Njia ya pili ni wananchi kuandika sheria yao wenyewe, kuikusanyia saini, na kuipigia kura bila Bunge kuigusa.

Njia ya tatu ni kuipinga sheria ambayo Bunge limekwisha kuipitisha na gavana ameisaini. Wapinzani wana siku 90 tu. Saini zikitimia, sheria inasitishwa mpaka wapiga kura waamue. Sheria za dharura, za kodi na za matumizi ya kawaida ya serikali hazipingwi kwa njia hii.

Mambo haya yaliingia kwenye katiba ya California Oktoba 1911, wakati wa Gavana Hiram Johnson, aliyeingia madarakani kwa ahadi ya kuvunja mkono wa kampuni ya reli ya Southern Pacific ndani ya Bunge. Haikuwa ya kwanza: South Dakota ilitangulia 1898, Oregon 1902.

Sasa hatua za njia ya pili, maana ndiyo yenye kazi.

Unapeleka rasimu kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo pamoja na dola 2,000 (zilikuwa 200 hadi sheria ilipobadilishwa 2015). Fedha hizo unarudishiwa pendekezo likifuzu. Rasimu inawekwa wazi siku 30 watu watoe maoni, na bado unaweza kuirekebisha katika muda huo na siku tano zaidi, mradi usihame kwenye mada. Wakati huohuo Mchambuzi wa Bunge na Wizara ya Fedha wanapiga hesabu ya gharama. Wana siku 50. Mwanasheria Mkuu ana siku 15 baada ya hapo kutoa jina na muhtasari usiozidi maneno 100. Kwa hiyo usitegemee kuanza kukusanya saini kabla ya miezi miwili kupita.

Muhtasari ukitoka, saa inaanza: siku 180. Sheria ya kawaida inahitaji saini sawa na 5% ya kura zote zilizopigwa kumchagua gavana mara ya mwisho, na marekebisho ya katiba ni 8%. Kwa kura za 2022 hiyo ni 546,651 na 874,641. Kabla ya hapo, kwa kura za 2018, zilikuwa 623,212 na 997,139. Waliojitokeza wachache 2022 ndio waliopunguza kizingiti.

Ukifikisha robo ya saini unalazimika kutoa taarifa, na Bunge linafanya kikao cha wazi kulisikiliza pendekezo. Kufuzu kwenyewe lazima kuwe siku 131 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Novemba 3, 2026, hiyo ni Juni 25.

---

#2 Chipukizi_Mwanza

Asante Mzee. Swali moja. Kama kizingiti ni 546,651, kwa nini kampeni hukusanya laki nane au zaidi? Si kupoteza fedha?

---

#3 Karani_wa_Zamu

Mkuu Chipukizi, hapo ndipo mapendekezo mengi hufia, kwa hiyo niruhusu nieleze taratibu.

Fomu zinapelekwa kaunti kwa kaunti. Kila kijitabu cha saini ni cha kaunti moja. Mkazi wa Alameda akisaini kijitabu cha San Francisco, saini yake imepotea. Kaunti ina siku nane za kazi kuhesabu saini ghafi, kabla ya kukagua chochote. Jumla ya jimbo zima ikiwa chini ya kizingiti, habari imeishia hapo.

Ikivuka, kila kaunti inachukua sampuli nasibu: 3% ya saini ilizopokea au saini 500, lolote lililo kubwa. Kaunti iliyopokea chini ya 500 inakagua zote. Siku 30 za kazi. Matokeo yanakuzwa kuwa makadirio ya jimbo zima:

Makadirio yakiwa chini ya 95% ya kizingiti, pendekezo limeanguka.
Yakizidi 110%, limefuzu.
Yakiwa katikati, kila saini inakaguliwa moja moja, siku 30 nyingine za kazi.

Hakuna kampeni inayotaka kuangukia katikati, kwa sababu ya muda. Siku nane na 30 za kazi ni kama wiki nane. Ukiongeza ukaguzi kamili inakuwa wiki 14. Anayelenga Juni 25 na kutegemea sampuli pekee awasilishe si baada ya katikati ya Aprili. Anayetaka nafasi ya ukaguzi kamili awasilishe mwanzoni mwa Machi au mapema zaidi.

Kwa hiyo lengo halisi ni 110%, yaani saini nzuri 601,317. Chukulia saini 75 katika kila 100 ndizo zinazosimama. Gawanya: unahitaji ghafi kama 802,000. Hiyo ndiyo laki nane unayoiona.

Saini hukataliwa kwa nini? Sababu za kawaida: aliyesaini hajaandikishwa kupiga kura, ameandikishwa lakini amehama na anwani haifanani, amesaini kijitabu cha kaunti nyingine, ameandika sanduku la posta badala ya makazi, saini hailingani na ile ya daftari. Jina na anwani lazima aandike mwenyewe. Mkusanyaji "akimsaidia" kujaza anwani ili foleni iende haraka, anaiua saini hiyo.

Kuna kosa linaloua kijitabu kizima: tamko la mkusanyaji nyuma. Anatakiwa aandike tarehe alizokusanya, anwani yake, na asaini kwa kiapo. Likibaki tupu, saini zote za humo hazihesabiki hata kama ni safi. Ndiyo maana ofisi za kampeni huweka mtu wa kupitia tamko kila jioni, kabla kijitabu hakijaingia kwenye boksi.

Na sasa saini pacha, yaani mtu mmoja kusaini mara mbili. Hapa hesabu ni kali. Katika sampuli ya 3%, kila saini inawakilisha 33.3. Lakini uwezekano wa saini zote mbili za pacha kuangukia kwenye sampuli ni 3% ya 3%, yaani 9 kati ya 10,000. Kwa hiyo ukiona pacha mmoja kwenye sampuli, kuna pacha zaidi ya elfu moja ndani ya rundo. Kanuni ya California inazidisha 33.33 kwa 32.33 na kukata saini 1,078 hivi kwa kila pacha anayeonekana.

Mfano: kaunti imepokea 100,000. Sampuli ni 3,000. Nzuri ni 2,250, makadirio 75,000. Wakionekana pacha watatu tu, unakatwa 3,233 na kubaki na karibu 71,800. Kampeni inayokaa nje ya duka moja kubwa miezi mitatu mfululizo inajitengenezea pacha. Dawa ni kuhamisha meza, na kuingiza majina kwenye kompyuta kila wiki ili kuwafuta pacha wenyewe kabla ya kuwasilisha.

---

#4 Mzee_wa_Kanuni

Karani, umetutendea haki. Niongeze moja: California inaruhusu kumlipa mkusanyaji kwa kila saini. Oregon ilipiga marufuku 2002. Fomu ya California ina ilani kwamba anayekukabili huenda analipwa, na una haki ya kumuuliza. Muulize. Pia omba kuona majina ya wafadhili wakubwa, lazima yaonyeshwe.

---

#5 Wakili_wa_Pwani

Wadau, nataka tukae kidogo kwenye tofauti ya *sheria ya kawaida* na *marekebisho ya katiba*, kwa sababu watu huiona kama suala la idadi ya saini tu. Uzito wake uko kwenye nani anaweza kuibadili baadaye.

California ni kali kuliko majimbo mengi: hata sheria ya kawaida ikipitishwa na wananchi, Bunge haliwezi kuibadili bila kurudi kwa wananchi, isipokuwa sheria yenyewe iwe imeruhusu. Prop 47 ya 2014 ilishusha wizi wa mali isiyozidi dola 950 na kukutwa na dawa za kulevya kuwa makosa madogo. Malalamiko yalipozidi, Bunge halikuweza kuutengua msingi wake kwa kura zake lenyewe. Ilibidi ije Prop 36 ya 2024, na ikapita kwa zaidi ya theluthi mbili.

Kwa hiyo kwenye kila Prop nenda moja kwa moja kifungu cha marekebisho, karibu na mwisho. Prop 22 ya 2020, iliyowaweka madereva wa programu za simu kuwa wakandarasi huru badala ya waajiriwa, iliandika kwamba Bunge linaweza kuibadili kwa *saba ya nane* ya kila baraza. Hicho ni kizingiti ambacho karibu hakifikiki. Fedha zilizotumika kwenye kampeni yake zilizidi dola milioni 200, na nadhani kifungu kile kimoja kilikuwa na thamani kubwa kuliko matangazo yote. Muhtasari wa haraka haukuonyeshi uzito huo.

Prop 13 ya Juni 1978 ndiyo mfano wa upande wa katiba: kodi ya majengo 1% ya thamani, na thamani hiyo isipande zaidi ya 2% kwa mwaka mpaka nyumba ibadili mmiliki. Imo kwenye katiba hadi leo.

Mambo mengine matatu ya kisheria.

Pendekezo la wananchi lazima liwe na mada moja.

Wananchi wanaweza *kurekebisha* katiba kwa saini lakini hawawezi *kuibadili muundo wake*. Juni 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya California iliondoa kwenye kura pendekezo lililotaka kodi mpya zote zipite kwa wapiga kura, lenye saini zilizotimia, kwa sababu liligusa msingi wa mamlaka ya Bunge na gavana. Fedha zote za saini ziliishia hapo.

La tatu: mwenye pendekezo anaweza kuliondoa kabla halijafuzu rasmi. Kuanzia hapo saini huwa karata ya kujadiliana na Bunge. Juni 2018 sheria ya faragha ya watumiaji ilipitishwa haraka ili pendekezo la saini liondolewe, na siku hizohizo makampuni ya vinywaji yaliondoa la kwao baada ya Bunge kuzuia miji kutoza kodi mpya za soda hadi 2031. Ndiyo maana tarehe ya siku 131 ina moto sana Sacramento, makao makuu ya jimbo.

---

#6 Chipukizi_Mwanza

Na kwenye ile njia ya tatu, ya kupinga sheria: nikiwa naipinga sheria napiga Ndiyo au Hapana?

---

#7 Wakili_wa_Pwani

Kwa utaratibu wa zamani, Ndiyo ilimaanisha sheria ibaki, Hapana ilimaanisha ifutwe. Hivyo aliyesaini fomu ya kuipinga alitakiwa kupiga Hapana. Wengi walijichanganya, na halikuwa kosa lao.

Mfano ni Prop 31 ya 2022. Bunge lilipiga marufuku tumbaku zenye ladha mwaka 2020, wapinzani wakakusanya saini, sheria ikasitishwa hadi Novemba 2022. Ndiyo ikashinda, marufuku ikaanza. Tazama hapo pia: wapinzani walishindwa, lakini bidhaa ziliuzwa miaka miwili zaidi. Kuna wanaopeleka saini kwa ajili ya muda huo tu.

Sheria ya 2023 imebadilisha maneno. Kwenye kura ya kupinga sheria, karatasi sasa inakuuliza uibakize sheria au uifute. Kwa njia mbili nyingine Ndiyo na Hapana zimebaki, na hapo kanuni ni ileile: Ndiyo daima ni kwa ajili ya *maandishi yaliyo mbele yako*, si kwa ajili ya kitu unachokipenda. Prop 8 ya 2008 ilipita kwa Ndiyo, na Ndiyo hiyo ilikuwa ya *kuzuia* ndoa za jinsia moja. Prop 3 ya 2024 ikaja kuyaondoa maneno hayo katika katiba.

Na ukitaja Prop, taja mwaka. Namba hurudi. Prop 8 ya 2018 ilihusu kliniki za kusafisha damu kwa wenye ugonjwa wa figo.

---

#8 Karani_wa_Zamu

Jinsi ya kusoma kijitabu cha wapiga kura, kwa mwenye dakika kumi kwa kila Prop:

Anza na uchambuzi wa Mchambuzi wa Bunge, siyo hoja za pande mbili. Ofisi hiyo haina upande, na inaeleza sheria ilivyo leo kabla ya kueleza itakavyokuwa. Mtu asiyejua hali ya leo hawezi kupima mabadiliko.

Kisha tazama gharama. Hati fungani huandikwa kwa kiasi cha mkopo, lakini mlipaji anatakiwa atazame marejesho. Prop 2 ya 2024, ya majengo ya shule, ilikuwa dola bilioni 10. Marejesho yalikadiriwa kuwa takriban dola milioni 500 kila mwaka kwa miaka 35. Zidisha: bilioni 17.5. Prop 4 ya mazingira nayo ilikuwa bilioni 10, marejesho kama milioni 400 kwa mwaka kwa miaka 40, yaani bilioni 16. Zote zilipita. Huenda zinastahili, lakini mtu apige kura akijua namba ya pili.

Mwisho fungua maandishi kamili, nyuma kabisa. Maneno ya italiki ni yanayoongezwa, yaliyokatwa mstari ni yanayoondolewa. Mara nyingi ni neno moja. Tafuta pia mahali panaposema nini kinatokea ikiwa Prop nyingine inayopingana nayo itapita. Zikipita zote mbili, kwenye vipengele vinavyogongana hushinda yenye kura nyingi zaidi.

Hulazimiki kujibu zote. Ukiacha Prop moja wazi, kura zako nyingine zinahesabiwa kama kawaida.

---

#9 Baharia_wa_Maziwa

Hilo la mwisho Karani, ndugu walioko Minnesota wasilichukue. Kule marekebisho ya katiba yanahitaji zaidi ya nusu ya *wote waliopiga kura katika uchaguzi huo*. Ukiliacha swali wazi, umepiga Hapana. Minnesota pia haina njia ya saini za wananchi, ni Bunge pekee linalopeleka.

Kwa haraka, majimbo mengine:

Florida marekebisho yanahitaji 60%. Kanuni hiyo ilipitishwa 2006 kwa chini ya 58%, yaani isingepita kwa kipimo chake yenyewe. Mwaka 2024 pendekezo la haki ya kutoa mimba lilipata takriban 57% likaanguka.

Nevada marekebisho ya wananchi lazima yapite mara mbili, chaguzi kuu mbili mfululizo. Swali la 3, la mpiga kura kuwapanga wagombea kwa mfuatano wa anavyowapendelea, lilipita 2022 likaanguka 2024. Basi, halipo.

Ohio inataka saini 10% ya kura za gavana kwa marekebisho, na zitoke angalau kaunti 44 kati ya 88, kila moja kwa 5%. Agosti 2023 Bunge lilijaribu kupandisha kizingiti cha ushindi hadi 60%. Wapiga kura walikataa, na Novemba haki ya kutoa mimba ikapita kwa karibu 57%. Maswali yote mawili yaliitwa Issue 1. La 2024 kuhusu mipaka ya majimbo ya uchaguzi liliitwa Issue 1 pia. Alichosema Wakili kuhusu kutaja mwaka, Ohio taja na mwezi.

---

#10 Njeri_wa_Nakuru

Kwa Wakenya wenzangu mnaolinganisha na Ibara ya 257 ya Katiba yetu, inayohusu wananchi kurekebisha katiba kwa saini: kwetu ni saini milioni moja za wapiga kura walioandikishwa, haijalishi waliojitokeza uchaguzi uliopita ni wangapi. Kisha mabunge ya kaunti 24 kati ya 47 yakubali, kisha Bunge la Taifa na Seneti. Kura ya maoni inakuja tu ikiwa jambo ni la Ibara ya 255 (mambo ya msingi ya katiba) au Bunge limekataa, na kwa hayo ya 255 lazima angalau 20% ya walioandikishwa wajitokeze katika nusu ya kaunti. California haina sharti la kujitokeza na haina mabunge ya kaunti katikati. Na tofauti kubwa: 257 ni ya katiba tu. Njia ya wananchi kuandika sheria ya kawaida na kuipitisha wenyewe kwa kura, sisi hatuna.

Mahakama ya Juu Machi 31, 2022 ilisema Rais hawezi kuanzisha mpango wa wananchi. California hakuna kizuizi cha namna hiyo. Magavana husukuma Prop kwa majina yao na ni halali.

---

#11 Binti_Kivu

Asanteni wote. Naomba nifikishe hili kwa familia zetu za Kiswahili zilizoko Marekani, maana linaumiza watu.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura inalazimisha karatasi za kura kutafsiriwa kwa Kihispania na lugha za Kiasia na za wenyeji wa Marekani, pale idadi inapotosha. Kiswahili hakimo. Lakini kifungu cha 208 cha sheria hiyohiyo kinampa asiyeweza kusoma au kuandika, au mwenye ulemavu, haki ya kuingia na mtu *anayemchagua mwenyewe*: mtoto wake, jirani, mtu wa kanisani au msikitini. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake, wakala wa mwajiri, na afisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mwambieni mama: aseme mapema kwa msimamizi kwamba amekuja na msaidizi.

La pili ni zito zaidi. Mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) si raia na hapigi kura. Meza za kukusanya saini wakati mwingine zina fomu ya kujiandikisha kupiga kura palepale, na mkusanyaji akiona jina lako halimo kwenye daftari anaweza kukusogezea ujaze. Usijaze. Ukitia tiki kwamba ni raia wakati si raia, unaweza kunyimwa uraia na hata kufukuzwa nchini, na kusema hukuelewa Kiingereza si kinga ya kutegemea. Jibu ni moja: "Mimi si mpiga kura", kisha endelea na safari yako.

---

#12 Chipukizi_Mwanza

Dada, limefika. La mwisho kwangu: Prop ikishinda usiku wa uchaguzi, inaanza lini?

---

#13 Karani_wa_Zamu

California ni siku ya tano baada ya Katibu wa Jimbo kuthibitisha matokeo, isipokuwa Prop yenyewe itaje tarehe nyingine. Zamani ilikuwa siku moja tu baada ya uchaguzi, ikabadilishwa na Prop 71 ya Juni 2018, kwa sababu kura za posta huchukua wiki kadhaa kuhesabiwa na Prop inayoongoza usiku ule inaweza kuanguka kabla hesabu haijaisha. Kwa hiyo tazama katikati ya Desemba.